Bandama Kujeruhiwa Katika Tiba ya Mifereji ya Nyongo: Ajali Adimu na Mafunzo Yake

Nyongo hutengenezwa na ini, na ini limelala upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Bandama, ambayo baadhi ya watu huiita wengu, imelala upande wa kushoto, nyuma ya mfuko wa chakula, ikikingwa na mbavu ya 9, ya 10 na ya 11. Hakuna mfereji wa nyongo unaofika karibu na bandama. Kwa hiyo mwanafunzi akielezwa kwamba mgonjwa alitibiwa mfereji wa nyongo, kisha baada ya saa chache akakutwa anavuja damu katika bandama, ana haki ya kuuliza: yamewezekanaje hayo? Chombo cha daktari kilikuwa kulia, na jeraha limetokea kushoto.

Hata hivyo ajali ya namna hiyo imetokea. Ripoti za mwanzo zilichapishwa katika majarida ya utabibu mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu wakati huo zimeongezeka hadi kufikia makumi machache tu, ilhali tiba yenyewe hufanywa kwa maelfu na maelfu ya watu kila mwaka duniani. Ni jambo adimu mno. Lakini kwa yule linayempata, saa chache za kukawia kulitambua zaweza kuwa ndizo tofauti ya kuishi na kufa. Tena, ndani yake mna mambo ya fizikia, ya bayolojia na ya hesabu yanayofundishwa katika shule za sekondari.

SAFARI YA NYONGO

Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku. Nyongo hiyo hukusanyika katika vijifereji vingi ndani ya ini. Vijifereji huungana, kama vijito vinavyoungana kuwa mto, na mwishowe hupatikana mfereji mmoja mkuu ambao kwa kawaida upana wake ni kiasi cha milimita 6 hivi. Sehemu ya nyongo huwekwa kwanza katika mfuko wake, ule mfuko wa rangi ya kijani ambao kila mpishi wa kuku huuondoa kwa uangalifu ili usije ukapasuka na kuitia nyama uchungu. Mtu anapokula chakula chenye mafuta, mfuko huo hujikaza na kuisukuma nyongo kuelekea duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ili ikasaidie kuyasaga mafuta.

Mahali mfereji wa nyongo unapoingia katika duodeni pana kinundu kidogo, nacho hupokea pia mfereji utokao katika kongosho. Kinundu hicho hutajwa kwa jina la Abraham Vater, mtaalamu wa Kijerumani wa maumbile ya mwili, aliyekieleza mwaka 1720. Ndani yake mna msuli wa mviringo unaofunga na kufungua, uliopewa jina la Mwitalia Ruggero Oddi, ambaye aliueleza mwaka 1887 alipokuwa bado mwanafunzi wa utabibu.

Mlango huu mdogo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Vijiwe vilivyofanyika katika mfuko wa nyongo huweza kuteremka na kukwama karibu na mlango. Nyongo inapokosa njia, rangi yake hurudi katika damu. Macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na choo hupauka. Bakteria wakiingia katika nyongo iliyotuama, mgonjwa hushikwa na homa kali ya kutetemeka, na maisha yake huwa hatarini.

CHOMBO CHA KUONEA GIZANI

Hadi miaka ya 1960 njia ya kuondoa kizuizi hicho ilikuwa moja tu, nayo ni kulipasua tumbo. Mabadiliko yalitokana na kanuni ya fizikia inayojulikana na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu, yaani uakisi kamili wa ndani. Mwanga ukiingia katika uzi wa kioo kwa pembe ifaayo, hauwezi kutoka ubavuni. Huakisiwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mpaka utokeze mwisho wa uzi, hata kama uzi umepindwa. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany, waliokuwa wakifanya kazi London, walionyesha kwamba fungu la nyuzi za namna hiyo laweza kupitisha picha. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walikuwa na endoskopu ya kwanza ya nyuzi za kioo iliyoweza kupindika na kupita kooni hadi katika mfuko wa chakula.

Hatua iliyofuata ilihusu nyongo. Mwaka 1968 William McCune na wenzake huko Washington walifaulu kupenyeza kijirija katika kinundu cha Vater kwa kutumia endoskopu. Wataalamu wa Kijapani walikitengeneza upya chombo hicho kwa kuliweka jicho lake ubavuni badala ya nchani, kwa kuwa kinundu kiko katika ukuta wa utumbo na hakionekani vema na chombo kinachotazama mbele. Mwaka 1974 Ludwig Demling na Meinhard Classen huko Erlangen, Ujerumani, na Keiichi Kawai huko Kyoto, Japani, kila upande kwa juhudi zake, walifanikiwa kuukata msuli wa Oddi kwa waya wenye umeme uliopitishwa ndani ya endoskopu, na hivyo kuvifungulia njia vijiwe.

Tiba hiyo, ambayo madaktari huitaja kwa herufi ERCP, leo imeenea katika hospitali kubwa za dunia. Nyuzi za kioo za kupitishia picha zimeachia nafasi kamera ndogo ya elektroniki, lakini umbo la chombo halikubadilika sana: ni mrija unaopindika, wenye unene wa zaidi kidogo ya sentimita 1 na urefu wa zaidi kidogo ya mita 1. Mgonjwa hupewa dawa za kumtuliza au za usingizi, mrija huteremshwa kooni, hupita katika umio na mfuko wa chakula, huvuka lango la mfuko huo, na kuingia katika duodeni. Kijirija chembamba hutokezwa ubavuni, huingizwa katika kinundu, na dawa ionekanayo kwa eksirei hudungwa ili mifereji ionekane.

Madhara yake yajulikanayo zaidi ni manne. La kwanza ni mchochota wa kongosho, yaani kongosho kuvimba na kuuma, ambao huwapata wagonjwa kiasi cha 3 hadi 10 katika kila 100. Mengine ni kutokwa na damu pale msuli ulipokatwa, maambukizo, na kutoboka kwa utumbo, ambako hutokea kwa wagonjwa wasiofika 1 katika kila 100. Kila daktari anayefanya kazi hii huyatazamia madhara hayo. Bandama haimo katika orodha hiyo, na kutokuwamo kwake ndiko kunakoifanya ajali yake iwe ya hatari zaidi.

BANDAMA NA KAMBA ZAKE

Bandama ya mtu mzima mwenye afya ina urefu wa kiasi cha sentimita 12 na uzito wa gramu 150 hadi 200. Ni kiungo chenye damu nyingi. Kiasi cha asilimia 5 ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita humo. Kazi yake ni kuichuja damu. Chembe nyekundu zilizozeeka, ambazo huishi siku 120 hivi, huvunjwavunjwa ndani yake, na mabaki ya rangi yao hupelekwa kwa njia ya damu hadi katika ini, ambako hugeuzwa kuwa rangi ya nyongo. Kadhalika bandama huwanasa bakteria na vimelea vinavyosafiri katika damu. Nyama yake ni laini kama sifongo iliyoloa, na utando unaoifunika ni mwembamba. Ukipasuka, damu hutoka kwa wingi, na kushona mahali palipopasuka ni kazi ngumu.

Bandama haielei ndani ya tumbo. Imeshikwa na tando zilizokunjwa ambazo wataalamu huziita kano. Kano moja huiunganisha na mpindo mkubwa wa mfuko wa chakula, yaani ule ukingo mrefu wa upande wa kushoto, na ndani ya kano hiyo hupita mishipa mifupi ya damu iendayo katika mfuko. Kano nyingine huishikiza bandama kwenye kiwambo cha moyo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na nyingine kwenye figo la kushoto. Pia bandama hukaribiana na kona ya utumbo mpana, nayo imeunganishwa nayo.

Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi ameyaona mambo haya kwa macho yake, ingawa huenda hakuyatilia maanani. Bandama ya mbuzi imegandamana na ubavu wa kushoto wa tumbo lake kubwa. Ikibanduliwa polepole kwa kisu, hutoka salama. Ikivutwa kwa nguvu, utando wake huchanika na vipande vya nyama laini hubaki vimeng'ang'ania. Bandama ya binadamu haina umbile lile lile, lakini kanuni ya mvuto na uzi ulioshikwa pande mbili ni ile ile.

JINSI JERAHA LINAVYOTOKEA

Mfuko wa chakula una umbo linalokaribia lile la herufi J. Mrija unaoingia kutoka juu na kutakiwa kutokea katika lango la chini, lililo upande wa kulia, una njia mbili za kupita. Waweza kufuata ukingo mfupi wa ndani, yaani mpindo mdogo, au waweza kujipinda na kuegemea ukingo mrefu wa nje. Sukuma kamba ngumu kiasi ndani ya mfuko wa kitambaa na matokeo yake yataonekana mara moja: kamba haiendi moja kwa moja mbele, bali hujikunja na kuusukuma ukuta wa mfuko upande wa nje. Endoskopu nayo hufanya hivyo. Daktari anapoisukuma ili ncha yake ivuke lango, sehemu ya katikati hujipinda kama upinde na kuukandamiza mpindo mkubwa kuelekea kushoto na chini.

Hali hiyo ya mrija kupinda huitwa mkao mrefu, na mara nyingi haiepukiki kwa dakika chache. Mara ncha inapokwisha kuingia katika duodeni, daktari huizungusha kulia na kuuvuta mrija nyuma. Hapo hutokea jambo linalowashangaza wanaojifunza: mrija unavutwa nyuma, lakini ncha inakwenda mbele. Sababu ni kwamba ncha imejishikiza katika duodeni, na upinde uliokuwa katika mfuko wa chakula unanyooka. Urefu wa mrija ulio ndani ya mgonjwa, ukipimwa kutoka katika meno, hupungua hadi kiasi cha sentimita 60 au 70, na mrija hulala kando ya mpindo mdogo, mbali na bandama. Huo ndio mkao mfupi.

Kazi ikifanywa kwa muda mrefu katika mkao mrefu, au mrija ukisukumwa kwa nguvu wakati umepinda, mpindo mkubwa wa mfuko wa chakula husogezwa mbali na mahali pake. Kano iliyo baina yake na bandama huvutwa. Bandama, kwa kuwa imeshikwa upande wa pili na kiwambo cha moyo na figo, haiwezi kuufuata mvuto huo kikamilifu. Mambo mawili yaweza kutokea. Mishipa mifupi iliyo ndani ya kano yaweza kukatika, au utando wa bandama waweza kuchanika pale kano iliposhika. Lililo na nguvu kidogo ndilo linalotangulia kukatika.

Hatari huongezeka kwa mtu ambaye tando za tumbo lake zimegandamana. Hali hiyo husababishwa na upasuaji wa zamani au na mchochota wa muda mrefu wa kongosho, kwani mkia wa kongosho hufika karibu kabisa na bandama. Kano ambayo kwa kawaida ni laini na yenye kunyumbuka huwa fupi na ngumu, hivyo mvuto ambao mtu mwingine angeustahimili humchania bandama. Bandama iliyokuwa kubwa kupita kiasi nayo ni rahisi kujeruhiwa. Hata hivyo miongoni mwa wagonjwa walioripotiwa wamo pia wale ambao hawakuwa na dalili yoyote ya kutahadharisha.

Jambo kama hilo lilikwisha kujulikana katika uchunguzi wa utumbo mpana, ambao hufanywa kwa endoskopu iingizwayo kutoka chini. Ajali ya bandama katika uchunguzi huo iliripotiwa tangu mwaka 1974, na imeonekana mara nyingi zaidi, kwa kuwa mrija hupita kwenye kona ya utumbo iliyoshikamana na bandama yenyewe.

MAUMIVU YA BEGA

Mgonjwa huwa amelala kwa dawa, kwa hiyo hasikii bandama inapochanika. Maumivu huanza anapoamka au saa kadhaa baadaye: tumbo humuuma, hasa juu upande wa kushoto. Damu ikizidi kuvuja, moyo huenda mbio, ngozi hupoa na kutoka jasho, na mgonjwa huona kizunguzungu. Mwalimu wa bayolojia atakumbuka kwamba mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Mwili wa kijana mwenye afya huweza kuficha upotevu wa lita moja kwa kuibana mishipa na kuuharakisha moyo. Shinikizo la damu huelekea kushuka waziwazi pale kiasi cha asilimia 30 kinapokuwa kimepotea. Kwa hiyo shinikizo la kawaida peke yake si uthibitisho kwamba hakuna damu inayovuja.

Dalili moja yastahili kuelezwa kwa urefu. Baadhi ya wagonjwa hulalamika kwamba wanaumwa na ncha ya bega la kushoto, ingawa bega lenyewe ni zima. Damu iliyovuja hujikusanya chini ya kiwambo cha moyo na kukichokoza. Neva ya kiwambo hicho inatoka shingoni, katika ngazi ya 3, ya 4 na ya 5 ya uti wa mgongo, na ngazi hizo hizo ndizo zinazopokea habari kutoka katika ngozi ya bega. Ubongo, uliozoea kupata habari za bega na si za kiwambo, hukosea na kudhani kwamba bega ndilo linaloumia. Mwanzo wa jambo hilo uko katika kiinitete, kwani kiwambo cha moyo huanza kuumbika karibu na shingo, kisha huteremka kikiiburura neva yake.

Dalili hiyo hutajwa kwa jina la Hans Kehr, mpasuaji wa Kijerumani aliyeishi kuanzia mwaka 1862 hadi 1916. Kehr alipata sifa hasa kwa upasuaji wa mfuko na mifereji ya nyongo, na mrija wenye umbo la herufi T unaotumika kuitoa nyongo baada ya upasuaji hubeba jina lake pia. Hivyo jina la mtaalamu huyu wa nyongo limewekwa juu ya dalili ya bandama iliyopasuka.

KWA NINI HUKOSEWA

Daktari akiitwa kumwona mgonjwa anayeumwa na tumbo baada ya tiba ya mifereji ya nyongo, jambo la kwanza analolifikiria ni kongosho. Ni haki yake, kwa kuwa ndilo linalotokea mara nyingi. Tatizo ni kwamba kipimo cha kawaida cha kongosho, yaani kupima kimeng'enya cha amilesi katika damu, aghalabu huonyesha kiwango kilichopanda hata kwa mgonjwa ambaye kongosho yake haikuvimba, kwa sababu tu kinundu kimeguswa na dawa imedungwa. Basi daktari hupata jibu linalolingana na dhana yake, akaridhika nalo, na damu ikaendelea kuvuja. Aidha, damu huweza kwanza kujikusanya chini ya utando wa bandama bila kutoka nje, mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha utando ukapasuka baada ya siku kadhaa.

Kinachoweza kumzindua daktari ni vitu vichache visivyo na gharama kubwa: kuuliza maumivu yako upande gani, kuuliza kuhusu bega, kuhesabu mapigo ya moyo tena na tena, na kupima hemoglobini zaidi ya mara moja. Hemoglobini ikishuka bila damu kuonekana katika matapishi au choo, lazima damu iwe imekwenda mahali pengine. Picha ya mawimbi ya sauti huweza kuonyesha damu iliyotuama tumboni, na eksirei ya kompyuta huionyesha bandama na jeraha lake kwa uwazi zaidi.

HESABU YA MAMBO ADIMU

Yawezekanaje kujua kwamba jambo linatokea, ikiwa takriban kila daktari hajaliona? Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ajali hutokea mara 1 katika kila tiba 20,000, na kwamba daktari hufanya tiba 200 kila mwaka kwa miaka 30. Jumla yake ni tiba 6,000. Uwezekano wa kutoiona ajali hiyo hata mara moja ni 19,999/20,000 kipeo cha 6,000, nao unakaribia 0.74. Maana yake ni kwamba karibu madaktari watatu katika kila wanne wa namna hiyo wangestaafu bila kuiona, na kila mmoja wao angeweza kusema kwa moyo safi kwamba jambo hilo halipo.

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kwenda mbele zaidi. Ikiwa tiba n zimefanywa bila ajali hata moja, hatari yaweza kuwa kubwa kiasi gani? Uwezekano wa kutopata ajali ni (1 − p) kipeo cha n. Tukitaka kuwa na hakika ya asilimia 95, kipeo hicho kiwe sawa na 0.05, na kwa kutumia logi tutaona kwamba p ni karibu 3 ikigawanywa kwa n. Daktari aliyefanya tiba 1,000 bila ajali hawezi kudai kwamba hatari ni sifuri. Awezalo kulidai ni kwamba huenda haizidi 3 katika kila 1,000.

Ndiyo sababu ripoti ya mgonjwa mmoja, ambayo wengine huidharau kwamba si utafiti, ina nafasi yake katika sayansi. Haba na haba hujaza kibaba. Ripoti za madaktari wa nchi mbalimbali, kila mmoja na mgonjwa wake mmoja, zilipowekwa pamoja ndipo sura ya ajali hii ilipoonekana: upande wa maumivu, muda wa kujitokeza, na uhusiano wake na mrija uliopinda. Ripoti kama hizo haziwezi kueleza ajali hutokea mara ngapi, kwa kuwa zisizoandikwa hazihesabiki; lakini huweza kumfanya daktari mwingine, mahali pengine, aiwazie bandama kwa wakati.

KUONDOA AU KUHIFADHI

Zamani jibu la bandama iliyopasuka lilikuwa kuiondoa, na watu walidhani kwamba kuikosa si hasara kubwa. Mwaka 1952 madaktari Harold King na Harris Shumacker wa Marekani waliripoti watoto wachanga walioondolewa bandama, kisha wakashikwa na maambukizo makali ya bakteria. Tangu hapo ilidhihirika kwamba mtu asiye na bandama huishi na hatari ya kudumu. Bakteria wenye ganda la nje, hasa pnyumokoka, huweza kuzagaa katika damu yake na kumwua katika muda wa siku moja au mbili.

Kwa hiyo leo, mgonjwa ambaye jeraha lake ni dogo na mapigo yake yametulia hulazwa, huongezewa damu ikibidi, na huangaliwa kwa makini. Hospitali zenye vifaa huweza kupitisha mrija mwembamba ndani ya ateri na kuuziba mshipa unaovuja. Upasuaji huachiwa wale ambao damu yao haikatiki. Anayeondolewa bandama hupewa chanjo za pnyumokoka, za meningokoka na za Hemofilasi aina ya b, na huelezwa kwamba kila homa kwake ni jambo la haraka.

Katika nchi za Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mbili. Kwanza, malaria huikuza bandama; tangu miaka ya 1840, daktari Dempster alipoanza kupima bandama za watu huko India, wingi wa watu wenye bandama kubwa umetumika kuwa kipimo cha kuenea kwa malaria. Bandama iliyokua ni nzito na rahisi kuchanika, na mtu aliyeipoteza hupungukiwa na uwezo wa kuvichuja vimelea vya malaria katika damu yake. Pili, ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea katika eneo hili, huvunja chembe nyekundu kwa wingi, na rangi inayozidi hufanya vijiwe vya nyongo hata kwa vijana. Wengi wa wagonjwa hao bandama zao hunyauka tangu utotoni, lakini wengine hubaki na bandama kubwa. Hivyo miongoni mwa wale wanaohitaji tiba ya mfereji wa nyongo wamo watu ambao kupoteza bandama kungewagharimu zaidi kuliko wengine.

TAHADHARI

Kinga ya ajali hii haihitaji mtambo mpya. Inahitaji mkono mwepesi, kuurudisha mrija katika mkao mfupi mapema iwezekanavyo, kutosukuma kwa nguvu pale penye ukinzani, na kuuliza kabla ya kazi kama mgonjwa aliwahi kupasuliwa tumbo au kuugua kongosho. Baada ya kazi inahitaji muuguzi anayesikiliza. Mgonjwa akisema kwamba bega la kushoto linamuuma, huenda wengi wakadhani amelalia mkono vibaya; muuguzi anayejua habari za bandama atauhesabu mpigo wa moyo na kumwita daktari.

Wala habari hizi zisimfanye mtu aikimbie tiba. Mfereji wa nyongo uliozibwa na kuingiwa na bakteria huua mara nyingi zaidi kuliko endoskopu ichanavyo bandama. Mgonjwa anayeelezwa vema hujua kwa nini anatibiwa, na hujua pia ni maumivu gani hapaswi kuyavumilia kimya. Darasani, mwalimu aweza kulianza somo hili kwa kipande cha mpira wa bomba la maji na mfuko wa kitambaa uliofungiwa uzi ubavuni. Wanafunzi wausukume mpira ndani, wautazame uzi unavyokazika, kisha wauzungushe na kuuvuta nyuma hadi uzi ulegee.